Chumvi Haipigi Hodi

Ndugu msikilizaji, leo naanza kwa kukiri kosa. Mwaka 2003, nikiwa kijana niliyetoka tu kuchukua stashahada ya uandishi wa habari, nilitumwa kuripoti ufunguzi wa skimu moja ya umwagiliaji wa mpunga. Jina la skimu hiyo naliweka mfukoni, maana nia yangu si kumtia mtu kidole jichoni. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na turubai, na mgeni rasmi alikata utepe. Lango likafunguliwa, maji yakaingia shambani huku kina mama wakipiga vigelegele. Nikarudi studio nikasoma taarifa yangu kwa sauti nzito, nikatangaza kwamba njaa sasa imepigwa marufuku katika bonde lile.

Swali moja sikuuliza. Maji yale nimeyaona yanakoingilia. Je, mlango wa kutokea uko wapi?

Mwaka 2021 nilipita tena bondeni pale kwa shughuli nyingine. Mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka shambani kwake. Majaruba yalikuwa na maji, lakini miche ilikuwa ya manjano, imedumaa, na ncha za majani zimekauka kama zilizobabuliwa na moto. Penye vituta, ambapo udongo ulikuwa umekauka, palikuwa na weupe kama mtu aliyemwaga unga. Mzee akachukua ule weupe kwa kidole, akaulamba, akatema. Kisha akaniambia: "Mwanangu, mpunga wangu unakufa kwa kiu umesimama ndani ya maji."

Maneno yale nimekaa nayo muda mrefu. Wiki hii nataka tuyafuate yanakotupeleka, na yanatupeleka mbali: miaka 4,000 na zaidi nyuma, hadi nchi ambayo leo inaitwa Iraki. Na humo, ndugu msikilizaji, tutawakuta watu wa pwani yetu wenyewe, majembe mikononi.

Kwanza tuelewe mzee alikuwa anasema nini. Anayejua papa ng'onda anavyotengenezwa ameshaelewa nusu ya habari. Samaki ukimpaka chumvi, maji yote yanamtoka, kwa sababu chumvi huvuta maji kuielekea. Mzizi nao ni hivyo hivyo. Siku zote mzizi huvuta maji kutoka udongoni kwa kuwa utomvu wake una nguvu ya kuvuta kuliko udongo. Chumvi ikizidi udongoni, nguvu zinageuka. Maji yapo, mzizi umezama ndani yake, lakini hauwezi kuyanywa. Hiyo ndiyo adha ya kwanza, na inaanza siku ile ile chumvi inapoizunguka mizizi: mmea unapunguza kukua, majani mapya yanakuwa madogo.

Adha ya pili inakuja polepole. Kila siku chumvi kidogo inapenya na kupanda juu pamoja na maji, mpaka kwenye majani. Jani hutoa maji kwa jua, lakini chumvi haikauki na kuruka hewani. Inabaki pale pale. Basi jani la zamani ndilo linalojaza chumvi nyingi zaidi, na ndilo linaloungua kwanza. Yakifa majani mengi kuliko yanayochipua, mmea hauna tena kiwanda cha kujitengenezea chakula, na mashuke yanatoka na makapi matupu.

Lakini nafaka haziko sawa mbele ya chumvi. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa kuangalia maji yake yanapitisha umeme kiasi gani, maana maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko maji matamu. Kipimo hicho huitwa desisimensi kwa mita, na maji ya bahari yako karibu na 50. Kwa majedwali yaliyochapishwa na Maas na Hoffman wa Marekani mwaka 1977, ambayo mabwana shamba wa dunia nzima wameyatumia miaka mingi, mahindi huanza kupoteza mavuno kipimo kikifika 1.7 tu. Mpunga huanza kwenye 3, ngano kwenye 6, na shayiri husimama imara mpaka 8. Kipimo kikifika 7, mpunga umekwisha kupoteza karibu nusu ya mavuno, ilhali shayiri haijapoteza kitu. Hata mtama wa bibi zetu, ule ambao sisi wa mjini tunaudharau, una ustahimilivu kuliko mahindi.

Siri ya shayiri ni nini? Kila nafaka hujaribu kuweka bawabu mlangoni, yaani kwenye mizizi na kwenye mirija ya kupandishia maji, ili sodiamu, ambayo ndiyo sehemu kali ya chumvi, isifike kwenye majani. Ngano hutegemea sana bawabu huyo. Shayiri yenyewe huruhusu chumvi iingie kiasi, lakini ina stoo. Ndani ya kila chembe ya jani kuna kifuko, na chumvi hufungiwa humo mbali na mitambo ya uhai. Kisha mmea hutengeneza vitu vya aina ya sukari na vinginevyo visivyodhuru, ili chembe iendelee kuwa na nguvu ya kuvuta maji. Kazi hiyo yote ina gharama. Nguvu ambayo ingejaza punje inatumika kulinda nyumba. Ustahimilivu, kwa hiyo, si uzima kamili. Ni kuchelewesha deni.

Sasa twende Iraki ya kale, kusini kabisa, baina ya mito Tigris na Frati. Huko waliishi Wasumeri, watu waliojenga miji mikubwa, wakaandika juu ya vibao vya udongo, wakapima mashamba na kutunza hesabu za ghala. Mvua kwao ni haba, hivyo uhai wao ulikuwa mifereji. Na kwa kuwa walitunza hesabu, sisi leo tunaweza kusoma msiba wao kama mkaguzi anavyosoma daftari la duka lililofilisika.

Mwaka 1958, wataalamu wawili wa Chicago, Thorkild Jacobsen na Robert Adams, walichapisha makala fupi katika jarida la Science kuhusu chumvi na matope katika kilimo cha nchi hiyo. Walisema hivi. Karibu mwaka 3500 kabla ya Kristo, kwa ushahidi wa alama za punje zilizobaki kwenye vyungu, ngano na shayiri zililimwa takriban sawa kwa sawa kusini mwa nchi. Miaka 1,000 baadaye, ngano ilikuwa imeshuka hadi moja ya sita ya mazao. Karibu mwaka 2100 kabla ya Kristo, katika mji wa Girsu, ngano ilikuwa chini ya asilimia 2. Na ilipofika mwaka 1700, ngano haikulimwa tena upande ule wa kusini.

Tazama walichofanya, ndugu msikilizaji. Chumvi iliposhinda ngano, wakahamia shayiri. Kwa wakati ule ilikuwa akili. Shayiri ilikuwa mkate wao, uji wao na pombe yao, na ilistahimili. Lakini chumvi haikusimama kuwasubiri. Kwa hesabu za Jacobsen na Adams, karibu mwaka 2400 kabla ya Kristo hekta moja ya Girsu ilitoa lita 2,537 za nafaka, kama madebe 127. Mwaka 2100 zilikuwa lita 1,460, madebe 73. Na karibu mwaka 1700, huko Larsa jirani yake, zilikuwa lita 897, madebe yasiyozidi 45. Wataalamu hao waliona hapo sababu mojawapo ya nguvu za nchi kuhama kutoka miji ya kusini kwenda kaskazini, Babeli.

Chumvi ile ilitoka wapi? Hakuna adui aliyeimwaga. Ilikuja na maji yenyewe. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tupige hesabu ndogo. Chukua maji matamu kabisa kwa ulimi, yenye nusu gramu tu ya chumvi katika lita. Hekta moja ukiipa maji ya kina cha mita moja kwa mwaka, umeipa lita milioni 10. Jua likiyachukua maji hayo na yasipate pa kutokea, umebaki na tani 5 za chumvi katika hekta ile. Mwaka mmoja tu! Zidisha kwa umri wa mtoto wako.

Tena kuna jambo lingine. Ukimwaga maji mengi bila mitaro ya kuyatoa, maji ya chini ya ardhi yanapanda. Yakifika karibu na uso wa udongo, udongo unayavuta kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa. Yakifika juu yanakauka, na chumvi ya chini kabisa, iliyokuwa imelala tangu zama za kale, inajitandaza juu. Ndio ule weupe alioulamba mzee wangu.

Jacobsen na Adams waliunganisha mambo hayo na ugomvi wa miji miwili, Lagash na Umma, waliopigania ardhi na maji ya mpakani kwa vizazi kadhaa. Mfalme Entemena wa Lagash, ili asitegemee tena maji yanayopitia kwa adui, alichimbisha mfereji mkubwa kutoka Tigris. Maji yakawa tele. Bila shaka siku ya kufungua mfereji ule kulikuwa na ngoma, na kama kungekuwa na redio, mwandishi kijana angesoma taarifa kwa sauti nzito. Lakini baada ya wingi ule wa maji, vibao vya Girsu vya miaka ya baadaye vinaonyesha viraka vya chumvi katika mashamba ambayo hapo awali hayakuwa nayo.

Wakulima wenyewe hawakuwa wajinga. Desturi yao ilikuwa kulima mwaka mmoja na kulaza shamba mwaka unaofuata. Katika mwaka wa mapumziko yaliota magugu ya mizizi mirefu, yakanyonya maji ya chini na kukausha udongo wa ndani, hata chumvi isiweze kupanda. Tatizo ni kwamba shamba lililolala halilipi kodi. Mwaka 1974 mtaalamu McGuire Gibson alieleza jinsi watawala wenye haraka ya kujaza ghala walivyovunja desturi hiyo. Mkulima alijua, lakini mwenye amri alitaka mavuno ya mwaka huu.

Haki inanitaka niseme kwamba si wote wanaokubaliana na hesabu zile. Mwaka 1985 Marvin Powell alizipinga, akisema vibao vingine vilisomwa vibaya na kwamba Wasumeri walijua kuosha chumvi shambani kuliko tunavyowadhania. Mimi si hakimu wa wataalamu. Lakini hoja ya Powell, ukiitazama, inatufundisha jambo lile lile: anayedumu mahali pa chumvi ni yule anayeiosha na kuitoa. Kubadili mbegu peke yake hakutoshi.

Na sasa tufike kwa watu wetu. Zaidi ya miaka 2,500 baada ya Larsa, nchi ile ile ya kusini ilikuwa chini ya makhalifa wa Bani Abbas. Jirani na Basra kulikuwa na maeneo makubwa yaliyofunikwa gamba la chumvi, na matajiri walioweza kuyafufua walijipatia mashamba. Lakini kulikwangua gamba lile ni kazi ya jehanamu. Basi wakaletwa watumwa, wengi wao wakiitwa Zanji, jina ambalo wanajiografia Waarabu waliwapa watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wanahistoria wanabishana ni wangapi hasa walitoka huku, na ni wangapi walitoka sehemu nyingine za Afrika. Lakini jina ni letu, nalo ndilo lililozaa neno Zanzibar.

Kazi yao ilikuwa kukwangua chumvi, kuibeba na kuirundika malundo kama vilima, ili chini yake upatikane udongo wa kulimika. Chakula chao kilikuwa unga kidogo na tende. Tunayajua hayo kwa sababu al-Tabari, mwanahistoria aliyeishi zama zile zile na kufariki mwaka 923, aliyaandika, ijapokuwa yeye hakuwa rafiki yao. Mwaka 869 mtu mmoja aitwaye Ali bin Muhammad aliwaendea watumwa hao makambini, akawaahidi uhuru na mali. Wakatupa majembe wakashika silaha. Mwaka 871 waliiteka Basra na kuipora. Wakajenga mji wao, al-Mukhtara, wakapiga sarafu zao. Kwa miaka 14 dola ya Bani Abbas ilihangaika nao, mpaka al-Muwaffaq, ndugu yake Khalifa, alipouvunja mji ule na kiongozi wao akauawa mwaka 883.

Mambo mengi ya kutisha yalitendwa na pande zote mbili, sitayapamba. Ninachotaka ukione ni mnyororo. Maji yaliingizwa bila kutolewa. Ngano ikashindwa, ikaja shayiri. Shayiri nayo ikachoka, ardhi ikafa. Na ardhi iliyokufa ilipotakiwa ifufuliwe, gharama haikulipwa na aliyeiharibu. Ililipwa na mgongo wa mtu aliyetolewa ng'ambo ya bahari. Deni la chumvi halifutiki. Hubadilisha tu jina la mdaiwa.

Je, hakuna waliofaulu? Wapo, na wako ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Katika jimbo la Kerala, India, kuna mpunga uitwao Pokkali, unaolimwa kandokando ya bahari ambako maji ya chumvi huingia na kutoka. Watu wa huko hawashindani na bahari; wanapokezana nayo. Masika yakija, mvua huosha vituta vya shamba, na ndipo mpunga unapopandwa, katika miezi ile maji yanapokuwa matamu. Baada ya mavuno wanaifungulia bahari mlango, na shamba linageuka bwawa la kamba. Mbegu yao ni mstahimilivu, naam, lakini waangalie vizuri: mbegu ile inasaidiwa na kalenda, na milango yao hufunguka pande zote mbili.

Sayansi nayo haikulala. Mwaka 2005 wanasayansi wa China walitangaza jeni waliyoipata katika mpunga mwingine wa India uitwao Nona Bokra. Jeni hiyo ndiyo bawabu niliyemtaja, anayeiondoa sodiamu kwenye maji kabla haijafika jani. Mwaka 2012 wenzao wa Australia walieleza jinsi walivyochukua bawabu wa aina hiyo kutoka kwa jamaa wa kale wa ngano, wakamhamishia katika ngano ya makaroni kwa njia ya kuzalisha mbegu ya kawaida. Katika shamba la chumvi, mavuno yalipanda kwa asilimia 25. Hizo ni habari njema na sizibezi. Lakini soma tena: asilimia 25 katika shamba ambalo tayari ni gonjwa. Hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu. Wasumeri nao walikuwa na yao, jina lake shayiri.

Msikilizaji mmoja wa Dar es Salaam aliwahi kuniambia: "Bwana, wewe unatuletea mambo ya mashamba, sisi tunanunua mchele dukani." Ni kweli. Lakini dukani bei hupanda bila kueleza sababu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilisema karibu hekta bilioni 1.4 za ardhi duniani zimeathirika na chumvi, zaidi ya sehemu moja kwa kila kumi. Na tuliozoea sahani ya wali na ugali wa sembe tumechagua nafaka mbili zilizo dhaifu kuliko zote nilizozitaja.

Mzee wa bondeni nilimuuliza kwa nini mitaro ya kutolea maji haikuchimbwa. Akanijibu kwamba katika ramani ilikuwamo. Fedha zilikwisha baada ya kujenga mifereji ya kuingiza, na mtaro wa maji machafu hauna utepe wa kukata. Kisha wakaletewa mbegu mpya, ikasaidia misimu kadhaa. Baadaye ikaletwa nyingine. Nilipoondoka alikuwa na wanawe wawili na majembe, wanachimba mtaro wao wenyewe kuelekea korongoni, na jirani yake alikuwa amegoma kuwapisha.

Sikuwa na la kumwambia. Nilikumbuka sauti yangu ya mwaka 2003, nikaona haya. Kwa hiyo leo nalirudisha lile swali nililoliruka, na ninakuomba ulichukue wewe uliye na gazeti mkononi, uwe mpiga kura, karani wa mipango, mwandishi mwenzangu au mnunuzi wa mchele tu. Siku utakapoalikwa kwenye ufunguzi wa mfereji, piga makofi, maana maji ni uhai. Kisha nyoosha mkono, uulize yanatokea mlango gani. Ukiambiwa utajengwa awamu ya pili, usikae chini.